Binti Yangu Alikatazwa Kugusa Watoto

Binti yangu hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa daktari wa chakula. Hapa kwetu Matiliku hiyo kazi watu hawakuielewa. Jirani yangu mmoja, mwanamke wa kuongea kama kuku ametaga, aliniuliza tukiwa kwa fensi, "Ati amesoma miaka yote hiyo ndio afundishe watu kula? Kwani nani hajui kula? Si hata ng'ombe anajua?" Nikamwambia, "Ng'ombe anajua. Mwenye hajui ni bwana yako, yeye anajua kunywa tu." Akacheka mpaka akashika fensi isimwangushe.

Lakini nisijifanye. Hata mimi hiyo kazi nilikuwa naijua kwa mdomo tu. Krismasi alikuwa anakuja nyumbani, tunakaa jikoni tunachambua ndengu, ananipa habari za wale akina mama wake wa kliniki kule Mwingi. Yeye anatoa habari, mimi natoa sauti. Kuna wale wa kudanganya, nawafanyia sauti ya sukari: "Daktari, huyu mtoto anakula! Asubuhi yai, saa sita nyama, jioni maziwa! Mimi hata nashangaa hicho chakula anakipeleka wapi!" Na mtoto mwenyewe amekaa hapo, mbavu unaweza kuziona ukiwa barabarani. Binti yangu anacheka mpaka anaangusha ungo. Alikuwa na kicheko kikubwa, cha mwanaume. Babake alikuwa anasema hicho kicheko kitafukuza wachumba. Hakikufukuza mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wana tepu ya rangi, wanaizungusha mkono wa mtoto hapa juu. Ikisoma nyekundu, mtoto yuko hatarini, anapewa karanga ya pakiti, ile imesagwa na maziwa na sukari. Ikisoma njano, anachungwa. Ikisoma kijani, nenda nyumbani. Sasa watu wetu, mwaka wa njaa, unafikiri wanaomba kijani? Wanaomba nyekundu, wapate pakiti. Mama anavuta tepu mpaka mkono wa mtoto unabadilika rangi. Binti yangu anamwambia, "Mama, legeza. Huyo si mbuzi unafunga upeleke soko."

Halafu kuna mguu. Hiyo ndiyo kitu alikuwa anaiamini kuliko zote. Anashika mguu wa mtoto, anabonyeza hapa juu na kidole gumba, anangoja kidogo, anaachilia. Nyama ikirudi, ni sawa. Lakini ikibaki shimo, kama umebonyeza unga wa chapati, huyo mtoto ana kwashakoo. Amevimba maji. Na ubaya wa huo ugonjwa ni kwamba mtoto anaonekana amenona. Mashavu yamejaa, mkono umejaa, tepu inaweza kusoma kijani, majirani wanasifu. Aliniambia, "Mwaitu, mama anaweza kudanganya, tepu inaweza kudanganya, hata mizani. Mguu haudanganyi."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Ndivyo alikuwa ananiita.

Basi korona ikaja. Msichana wake wa kazi akasikia kwa redio ati watu wa hospitali wanaleta huo ugonjwa nyumbani na nguo, akafunga mzigo wake asubuhi akaenda, hata chai hakumaliza. Shule zimefungwa, mjukuu wangu yuko nyumbani, msichana mdogo wa darasa la kuchora paka. Babake mtoto anafanya kazi Kiboko, kule wanajaribu mbegu, na ni mtu wa kuja mwisho wa mwezi. Ndiye alinipigia simu. Huyo mkwe wangu anaongea kama ameweka kiazi moto mdomoni: "Mama, e-enda umsaidie. Mimi huku, mimi huku siwezi toka." Nikaacha kuku wangu na yule jirani wa fensi, nikijua nitakuta mayai yamepungua, nikaenda Mwingi.

Nilikuta watu wamefunga mdomo, na huko ni mji wa kelele. Malori ya Garissa yanapita tu. Soko la mbuzi limefungwa, kumebaki mavi yamekauka na mbwa. Na mimi nikipita kwa ploti, jirani wa binti yangu, mwanamke wa kanisa, mwenye walikuwa wanaimba kwaya pamoja, anavuta watoto wake ndani. Anaongea nyuma ya pazia, na sauti ya maombi: "Mama, karibu sana, Mungu akubariki, simama tu hapo kwa maji." Nilimjibu kwa sauti hiyo hiyo: "Amina dada, na wewe Mungu akuongezee pazia." Hakuniongelesha tena mpaka nikaondoka.

Nikafikiri binti yangu anasumbuliwa na hao majirani. Kumbe hao walikuwa kidogo.

Pale kwa kituo kulikuwa na mkubwa wao, kijana ya suruali ya kubana, anaongea kupitia pua kama ana mafua ya kuzaliwa nayo. Aliwaita wafanyakazi wote nje, wamesimama mbali mbali kama miti ya mbaazi, akasema, "Kutoka leo, tunafuata mwongozo. Mtoto wa kliniki haguswi. Mama atapima mwenyewe. Nyinyi wa lishe mtakaa ng'ambo ya meza, mtaangalia na macho." Binti yangu akauliza, "Na mguu nitaangaliaje na macho?" Akamjibu, "Dada, unataka kutuua kwa sababu ya mguu?" Watu wakacheka.

Na maski zilipokuja, akapewa ya mwisho. "Hizi ni za watu wa wagonjwa. Wewe ni mtu wa uji." Halafu huyo mtu wa uji ndiye anawekwa kwa geti asubuhi yote, na kile kibunduki cha kupima joto, kila mwenye kukohoa anakohoa kwa uso wake kwanza. Ikifika saa sita ndio anaenda kwa watoto, wenye wamengoja kwa jua, na wengine washaenda nyumbani.

Nilijionea mwenyewe siku nilienda kupimwa presha. Nilimpata amekaa nyuma ya meza, wamefunga kamba ya manila mbele, kama mtu anauza mitumba. Mama mmoja ameshika tepu juu chini. Binti yangu amesimama, anapiga kelele ndani ya maski: "Geuza! Geuza! Mkono wa kushoto! Si huo, huo ni wa kulia!" Mama naye, "Daktari sikusikii!" Mtoto analia. Binti yangu alikuwa ananyoosha mkono, anakumbuka, anaurudisha. Ananyoosha, anaurudisha.

Jioni akirudi, haingii nyumba. Anaenda nyuma kwa tangi, anavua nguo zote, anazitia kwa sabuni, anaoga hapo na maji baridi, mimi nimeshika leso kama ukuta. Mtoto alikuwa anamkimbilia. "Simama hapo!" Mara ya kwanza mtoto alifikiri ni mchezo. Baadaye akajifunza. Akisikia geti, anasimama mwenyewe karibu na mlango, mikono nyuma kama mtu amekamatwa na polisi, anasema, "Mami, leo unaweza nishika?" Na mami anasema, "Kesho." Wote wawili wanajua hakuna kesho.

Bado wakati huo niliweza kumchekesha. Akimaliza kuoga namletea chai, namfanyia mkubwa wake, na pua: "Dada, kunywa chai ukiwa ng'ambo ya meza. Chai haiguswi." Anacheka. Kicheko kilikuwa kimepungua, kimekuwa cha mwanamke, lakini kilikuwako.

Usiku hakuwa analala vizuri. Wale wa kazi yake wa Kitui na wa Makueni walikuwa wanatumiana sauti kwa simu, naye anazisikiliza akidhani mimi niko kwa usingizi. Mmoja anasema analia chooni kwa kazi ndio wagonjwa wasimuone. Mwingine anasema amehamishwa wodi ya korona kugawa chakula, anaweka sahani kwa sakafu mlangoni, anakimbia, na kuna mzee anamwita kila siku, "Mama chakula, usikimbie, nisalimie tu." Mwingine anasema ameacha kazi, analima nyanya. Mimi kwa maisha yangu nimeiga sauti za watu wote, hata pasta, hata chifu. Hizo sikuziiga.

Sasa nije kwa huyo mtoto.

Aliletwa na nyanya yake, mwanamke wa rika langu, anaishi mbali na Mwingi, kule upande wa kukauka zaidi. Mama ya mtoto alikuwa kazi ya nyumba Nairobi, na Nairobi ilifungwa, hawezi kutoka wala kutuma kitu. Mbuzi walikuwako lakini soko hakuna. Kunde zilikuwa zimeliwa na wadudu. Huyo mtoto alikuwa anakunywa uji wa unga mweupe, asubuhi uji, jioni uji. Nyanya akazungusha tepu mwenyewe ng'ambo ya kamba. Na hakuvuta, huyo. Alikuwa mtu mwaminifu. Binti yangu alikuwa amezoea kuangalia wale wa kuvuta, macho yake yote yako kwa vidole vya nyanya kama vinavuta. Havivuti. Tepu ikasoma kijani. Mtoto mashavu yamejaa, amevaa soksi na kofia ya sufu kama vile tunavaanga watoto tukienda hospitali, waonekane wanatunzwa.

Binti yangu akamwita susu, ndiyo nyanya kwa Kikamba, akasema, "Susu, hongera. Uko kijani. Ongeza mboga na maharagwe, urudi mwezi ujao."

Na huyo nyanya akashukuru. Nilikuwa siko hapo, lakini binti yangu alinieleza vile alishukuru, alishukuru akiinama, akaenda.

Kabla ya huo mwezi kufika, wakarudi na pikipiki. Ngozi ya mtoto inatoka kama mtu amechomwa. Miguu imejaa kama chupa. Binti yangu aliruka hiyo kamba ya manila, hakuuliza mtu mwongozo, akatoa soksi, akabonyeza. Shimo likabaki. Aliniambia angeweza kuweka harage hapo, likae. Walimweka kwa gari kupeleka hospitali kubwa. Huyo mtoto hakuiona jioni.

Siku hiyo binti yangu hakuenda kwa tangi. Alikaa kwa jiwe la kufulia na nguo za kazi, maski bado iko kwa kidevu. Mtoto wake akasimama mlangoni, mikono nyuma. "Mami?" Nikamwambia mtoto aende ndani achore paka.

Nilidhani ni ya wiki moja. Watu wa hospitali wanaonanga vifo. Lakini ilianza hapo na ikaendelea. Chai inakaa mpaka inaweka ngozi juu. Nampikia muthokoi, mahindi ya kukobolewa, na ndengu, chakula anapenda tangu akiwa mdogo, anaangalia sahani kama ameulizwa swali. Mkubwa wake alimwita ofisini kumpa moyo, na pua yake: "Dada, wewe ulifuata mwongozo. Hakuna mtu anakulaumu. Ukisikia vibaya kuna namba ya kupiga, ni ya bure." Akapiga hiyo namba. Niliisikia mimi mwenyewe, alikuwa ameiweka kwa spika. Msichana wa ndani ya simu, sauti ya asali: "Simu yako ni muhimu kwetu. Tafadhali subiri." Halafu muziki. Tulikaa tukisikiliza huo muziki mpaka ukajikata wenyewe. Nikamfanyia, "Huzuni yako ni muhimu kwetu, tafadhali subiri," nikacheza kidogo na mabega. Asi! Alinitazama kama hanijui.

Akasema, "Mwaitu, mkubwa anasema hakuna mtu ananilaumu. Kwani huyo mtoto hakuwa na mtu?"

Ndio nikasema twende huko nyumbani kwao. Sisi mtu akifiwa unaenda kukaa na yeye. Unabeba unga, sukari, majani, unakaa. Wakati huo serikali ilikuwa imesema msikae, watu wanazika haraka haraka wakiwa wachache, wanatawanyika kama wameiba. Lakini mimi nilisema tutakaa mbali mbali na tutakaa. Nilikuwa nafikiri yule nyanya atalia, atamgombeza, watalia pamoja, halafu kitu kitatoka kwa kifua cha mtoto wangu.

Tulifika jua likiwa juu. Nyumba ya matofali, uwanja umefagiwa. Kaburi dogo liko pale kando ya miti ya mbaazi. Nyanya alitoka, akaona ni nani, binti yangu akanyoosha mkono, na nyanya akarudisha wake nyuma. "Siku hizi hatushikani, daktari, si mlitufundisha?" Hakuwa anatania. Alikuwa anatii.

Akatuletea viti, akaviweka mbali mbali vile inatakikana. Akatuletea uji kwa vikombe. Ulikuwa ule ule mweupe. "Kunywa, daktari, mmetoka mbali. Sina kingine." Binti yangu akashika kikombe na mikono yote miwili. Aliunywa wote. Ndio kitu cha kwanza nilimwona akimaliza tangu siku hiyo.

Akasema, "Susu, nimekuja kusema kwamba mimi ndiye nilisema yuko sawa."

Na yule nyanya, sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anaongea karibu na mtoto amelala. Alisema, "Ndiyo. Ulisema. Nilipigia mama yake simu Nairobi nikamwambia, kijana yako ni kijani. Alifurahi sana. Wewe ulitupatia hiyo siku moja."

Halafu akaingia ndani. Akarudi na mtoto mwingine, msichana, dada ya yule, amekonda kidogo tu vile watoto wote wa huko walikuwa wamekonda. Akafungua fundo la kitambaa chake cha kichwa, akatoa ile tepu ya rangi, ya kupewa kliniki. Alikuwa ameihifadhi hapo kama pesa. Akasema, "Na huyu je, daktari? Nimempima kila siku. Ni kijani. Lakini sasa sijui kijani ni nini."

Binti yangu hakuchukua tepu. Alipiga magoti kwa mchanga, akashika mguu wa huyo mtoto, akabonyeza. Akaachilia. Nyama ikarudi. Mimi niliona, nyanya aliona, hata mtoto mwenyewe aliona. Nikapumua. Lakini yeye akabonyeza tena. Ikarudi. Akabonyeza tena. Akahamia ule mwingine. Akarudi kwa wa kwanza. Anaangalia mahali amebonyeza, na kidole kinaongeza nguvu. Mtoto akaanza kulia. Nyanya anasema polepole, "Iko aje? Daktari, iko aje?" Na yeye anasema, "Ngoja. Ngoja kidogo. Sijaona vizuri." Ikabidi niende nimshike mkono nimtoe. Mkono ulikuwa baridi na jua lile.

Nikamwambia nyanya, "Mtoto yuko sawa." Mimi, mtu wa kuku. Nani aniamini? Alinitazama, akamtazama daktari, na daktari ameangalia chini. Tulimwacha hivyo, na mtoto analia, na tepu iko kwa mkono wake.

Njiani tukirudi akasema, "Kwa nini hakunitukana, mwaitu? Ningetaka anitukane." Nikasema, "Kama ni matusi unataka, mimi nimekuja na gunia." Nikamtukana vile nilikuwa nikimtukana akiwa mdogo amevunja mtungi: wewe kichwa ya nyati, wewe kijiko ya kutoboka, wewe mtoto ya mvua ya mawe. Mabega yake yakaanza kutingika. Nikasema ndani yangu, amerudi, anacheka. Nikainama nimuone uso.

Hakuwa anacheka.

Baada ya hapo hiyo ya kubonyeza ikaja kwa nyumba yetu. Asubuhi kabla ya kazi anaingia kwa kitanda cha mtoto wake, mwenye alikuwa hamshiki miezi yote hiyo, anafunua blanketi, anabonyeza miguu. Jioni, kabla hata ya kuoga, anabonyeza miguu. Mtoto mwenyewe anakula mayai ya kununua na maziwa ya paketi, ana miguu ya kuruka kamba. Mwanzo alifurahi, maskini, alifikiri sasa mami anamshika. "Susu, mami amenishika!" Halafu ikaanza kuuma. Hapo juu ya mguu kukaweka alama, kwanza nyekundu halafu ya bluu. Nikamwambia binti yangu, "Unamuumiza." Akasema, "Najua. Lakini nikiwacha, nikiwa kazini naona shimo. Nakuja nione kama liko." "Na ukiona haliko?" "Nafikiri nimeona vibaya."

Mjukuu wangu akaanza kuvaa soksi. Mwingi, na lile joto, mtoto amevaa soksi mbili na kiatu cha mvua ndani ya nyumba. Akisikia geti, hasimami mlangoni tena. Anakuja nyuma yangu, anashika rinda langu. "Susu, nifiche miguu." Sauti hiyo ndogo. Mami yake aliisikia siku moja akiwa amesimama hapo nje na sabuni mkononi. Aliingia, akakaa kwa kiti cha mbali, akaniambia bila kumwangalia mtoto, "Mwaitu, mpeleke Matiliku. Hapa nitamharibu."

Nikamwambia twende sote. Akasema kliniki haina mtu mwingine, akitoka watafunga, na wale watoto watabaki na tepu na mama zao. Mkwe wangu akaongea kutoka Kiboko na kiazi chake, "La-labda ni sawa. Kwa muda." Nikafunga nguo za mtoto. Siku ya kuondoka mami yake alisimama ng'ambo ya uwanja, mikono nyuma. Hiyo ilinimaliza.

Korona ikaisha. Maski watu walizitupa, nyingine jirani yangu anafungia vifaranga. Kamba ya manila ilitolewa, watoto wanaguswa. Nilipita hapo Mwingi tena, nikakutana na yule mkubwa, akanisalimia vizuri, "Mama, binti yako siku hizi ni makini sana! Hakuna mtoto anampita. Anarudia mpaka mara ngapi! Tungekuwa na kumi kama yeye!" Kwa mara ya kwanza hiyo pua haikunichekesha. Nilimwangalia nikaona hajui anasema nini, na hakuna mtu atamwambia. Binti yangu alikuwa amekaa hapo nyuma, amekonda mpaka kola ya shati imesimama peke yake, mguu wa mtoto uko mkononi, na mama ya mtoto anasema, "Daktari, si umemaliza?"

Mtoto bado yuko na mimi. Anasoma hapa, anakimbia bila viatu, ana rafiki wengi na matusi mengi, hayo nimempa mimi. Mami yake anakuja Krismasi, wanasalimiana vizuri kama watu wa kanisa moja, na mtoto anakaa amekunja miguu chini ya rinda. Hakuna mtu amemwambia akunje.

Siku zingine ni simu. Inalia jioni, na mtoto akiisikia anachukua mpira anatoka. Nimemwita. Nimemtukana. Nimempa mandazi. Hataki. Na kule kuna mtu anangoja, anasema, "Nipe mtoto, mwaitu. Nisikie tu."

Basi ninafunga mlango, nakaa kwa kitanda, naweka sauti ndogo.

"Mami."

"Umekula?"

"Nimekula. Ndengu na mboga."

Halafu inakuja, kila mara inakuja. "Bonyeza mguu, mtoto wangu. Uniambie kama imerudi."

Nangoja kidogo, vile mtu angengoja akiwa anabonyeza. Nje nasikia watoto wanagombania mpira, na sauti ya yule wangu iko juu ya zote.

"Imerudi, mami."

"Bonyeza tena."

"Imerudi."

"Ule mwingine."

Mimi sijui kama anajua ni mimi. Ndiye mtu alicheka sauti zangu zote tangu akiwa mgongoni, hakuna siku nilifaulu kumdanganya na sauti. Anasema asante, anakata, na mimi nabaki hapo na hiyo sauti ya mtoto kwa mdomo, sijui niipeleke wapi.